Robo ya chini ya tanki: hesabu ya geji ya mafuta kati ya Gitega na Muyinga

Tanki la Hiace huchukua lita 70. Geji yake ikikosea kwa moja ya nane tu, kosa ambalo dereva hulichukulia kuwa ni mshale kutikisika barabarani, zimepotea au zimezidi lita 8.75. Tukikadiria kwamba gari lililojaa abiria hula lita 11 kwa kilomita 100 katika vilima vyetu, lita hizo ni kilomita 80. Kutoka Gitega hadi Muyinga kwa njia ya Karuzi ni takribani kilomita 100. Geji yenye kosa dogo, basi, inatosha kumwacha dereva njiani na abiria wake.

Mafuta yalipokuwa yakipatikana, jambo hili halikumsumbua mtu. Dereva alijaza tanki, na akiona mshale umeshuka nusu alijaza tena. Uhaba uliobana Burundi miaka hii umebadilisha hesabu yote. Sehemu kubwa ya esansi na mazutu yetu husafirishwa kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 hadi mpaka wa Kobero upande wa Muyinga, na hulipwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi inazo chache. Foleni vituoni zimechukua siku, si saa. Anayebahatika hupata lita 10 au 15, si tanki zima. Matokeo yake ni kwamba magari mengi sasa yanaishi katika robo ya chini ya geji, na hapo ndipo geji huwa dhaifu zaidi.

Sababu iko ndani ya tanki. Floti ni boya lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakishuka boya hushuka, na mkono hutelezesha ncha ya chuma juu ya kibao chenye ukinzani wa umeme. Katika Toyota nyingi ukinzani huo ni karibu omu 3 tanki likijaa na karibu omu 110 likiwa tupu. Geji ya dashibodi haijui lita, inajua omu. Ncha ikisugua sehemu ileile ya kibao kila siku, sehemu hiyo huchakaa kabla ya nyingine. Salfa iliyomo katika mafuta nayo hushambulia miguso ya fedha. Na kama bidoni la kubebea mafuta lilikuwa na maji, maji hukaa chini ya mafuta na kuliinua boya vilevile: mshale unahesabu maji kuwa esansi.

Kwa bei rasmi iliyokuwa karibu faranga 4,000 kwa lita mwaka 2024, lita 8.75 ni faranga 35,000. Mtu akinunua kwa magendo, tuseme kwa bei mara tatu, ni 105,000. Tena hiyo ni bei ya mafuta peke yake. Katika gari la esansi lenye pampu ndani ya tanki, mafuta ndiyo yanayoipoza pampu. Ikizoea kufanya kazi kavu, huungua. Gari la mazutu likikauka huvuta hewa kwenye mabomba, na haliwaki mpaka fundi aitoe hewa hiyo.

Kwa hiyo wengi hukimbilia kununua floti mpya. Ningewasihi wasubiri kidogo, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote mara nyingi halimo kwenye floti. Tazama waya wa ethi, ule unaoiunganisha floti na bodi ya gari. Ukishika kutu na kuongeza omu 20, mshale utashuka. Kati ya omu 3 na 110 kuna omu 107, kwa hiyo 20 ni karibu asilimia 19 ya mwendo wote wa mshale. Kwa tanki la lita 70 ni kama lita 13 zilizomo ambazo geji haizioni. Dereva anapanga foleni siku mbili kutafuta mafuta ambayo tayari anayo. Tiba yake ni kipande cha msasa na dakika 20 za fundi.

Ethi ikiwa safi na kosa likabaki, ndipo floti ipimwe kwa mita, mkono ukisogezwa polepole kutoka chini hadi juu. Namba zinatakiwa kupungua bila kuruka. Zikiruka mahali fulani, kibao kimekwisha, na hapo badilisha bila kusita.

Aina ya floti ni muhimu kuliko bei yake. Hili wanalijua vizuri wenye boti, kwa sababu tanki la boti mara nyingi hufungwa floti inayonunuliwa peke yake. Floti za Kimarekani huanza omu 240 tanki likiwa tupu na kushuka hadi 33 likijaa. Za Ulaya huanza 10 na kupanda hadi 180. Ukifunga ya Ulaya kwenye geji ya Kimarekani, tanki tupu litaonekana limejaa kabisa, na tanki lililojaa litaonekana halijafika robo. Katikati, ambako zote mbili ziko karibu na omu 100, geji itasema kweli au karibu na kweli. Fundi akijaribu tanki likiwa nusu ataridhika na kufunga. Katika Ziwa Tanganyika, kosa hilo linamwacha mtu katikati ya maji.

Urefu wa mkono nao una hesabu yake. Chukua tanki la boksi lenye kina cha sentimita 25. Ukiacha sentimita 2.5 juu na 2.5 chini ili boya lisigonge, mwendo wake ni sentimita 20, na mkono unaozunguka nyuzi 90 unahitaji urefu wa sentimita 14. Zile 2.5 za chini ni asilimia 10, yaani lita 7 katika tanki la lita 70. Ukiukunja mkono sentimita moja zaidi kuelekea chini, geji inaona lita 2.8 zaidi, sawa na faranga 11,200 kwa bei ile rasmi.

Kabla ya kufungua tanki lolote, betri itolewe, gari liwe nje na sigara iwe mbali. Mvuke wa esansi hauna msamaha. Kisha, tanki likishafungwa na betri kurudishwa, floti iwe mpya au ya zamani, mimina lita 5 katika tanki tupu, subiri mshale utulie, andika ulipofika. Ongeza 5 nyingine, andika tena, hadi lita 20. Karatasi hiyo ibandikwe karibu na usukani. Wewe unayeendesha Probox au Hiace kati ya Gitega na Muyinga, usilipie floti mpya kabla fundi hajakuonyesha omu kwenye mita na ethi iliyosafishwa.