Mzamiaji wa Bahari Akienda Maji Baridi

Leo tuzungumze na kijana wa Kikwajuni ambaye kazi yake ni kuzamia. Simsemi yule anayezamia melini kwenda Ulaya. Huyo tumwekee siku yake. Namsema huyu anayefunga mtungi wa hewa mgongoni na kuwashusha wageni Mnemba au mwamba wa Murogo. Bahari anaijua. Lakini siku akialikwa Kigoma, au akisikia habari za mapango yenye maji huko Paje na Jambiani, hujibu upesi kwamba maji baridi ni mchezo wa watoto, hayana mkondo wala bamvua. Maneno hayo yanaweza kumgharimu roho.

Tuanze na uzito. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Ya maji baridi ina 1,000. Tofauti hiyo huioni katika kikombe. Lakini mtu na vifaa vyake huchukua nafasi ya lita 100 hivi, na hapo bahari humwinua kwa kilo 2 na nusu zaidi. Akivaa mkanda wa risasi uleule wa Mnemba, atazama kama jiwe. Itabidi alijaze hewa jaketi lake, mtungi utapungua, na miguu itaning'inia. Chini pangoni mara nyingi kuna tope laini kama unga. Pezi likiligusa mara moja, maji yaliyokuwa kama kioo yanageuka uji, na huenda yasitulie kwa saa kadhaa.

Ziwani mtu aliyepotewa hupanda juu. Pangoni juu kuna jiwe.

Upande wa mashariki wa Unguja ni nchi ya mawe ya matumbawe, na maji ya mvua huyala mawe hayo taratibu. Ndivyo yalivyopatikana mapango kama Kuza la Jambiani na Maalum la Paje. Kuoga penye mwanga si neno. Neno ni kufuata tundu linaloingia gizani kwa kuwa tu una mtungi. Mmarekani Sheck Exley alichambua ajali za mapangoni katika kijitabu chake cha mwaka 1979, na mafunzo yake bado yanafuatwa: kamba isiyokatika kutoka mlangoni, na hewa igawanywe mafungu matatu, moja la kuingia, moja la kutoka, moja la dharura. Mtungi wa bari 200 basi urudishwe ukisoma 135, hata kama mbele kunavutia. Nao huu ni ufundi wa kusomea. Cheti cha bahari hakitoshi.

Karibu na pwani kuna jambo jengine. Maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, na yanapokutana macho huona mawimbimawimbi kama joto juu ya lami. Ukivuka hapo kwenda chini, mwili unakuwa mwepesi tena ghafla.

Kigoma hesabu ni nyengine. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina mgandamizo mdogo kwa takriban asilimia 9. Naitrojeni iliyoingia damuni hutoka kwa povu, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Kwa hiyo mita 30 za pale zihesabiwe kama 33 katika jedwali la bahari. Na ndege ya kurudi isubiri: saa 12 baada ya kuzamia mara moja, 18 kama ni mara nyingi.

Viboko na mamba sina haja ya kuwaeleza sana. Alan Root, mpiga filamu wa Kenya, alizoea kuzamia na viboko katika chemchemi za Mzima, na bado mmoja alimtoboa mguu.

Mwisho ni kichocho, ambacho Unguja tunakijua kwa sababu ya mito na madimbwi yetu. Bahari haina; maziwa yetu makubwa yanacho. Aliyerudi kutoka ziwani, akipata homa au akiona damu katika mkojo wiki au miezi baadaye, amwambie daktari alikozamia, maana hospitali hawatajua kumuuliza.