Aksesi pointi za gesti: usiangalie bei ya kifaa peke yake

Mwenye gesti Sinza akitaka waifai ya uhakika, huzunguka Kariakoo akilinganisha bei za aksesi pointi. Bei ni mwanzo tu. Kifaa kikishafungwa darini kitahitaji apdeti ya fimuwea kwa miaka, na hapo ndipo chapa zinapoachana. Oktoba 2017, Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza KRACK, udhaifu wa WPA2 uliogusa karibu kila kifaa cha waifai. Mei 2021 akaibua FragAttacks, udhaifu mwingine wa waifai. Mara zote mbili dawa ilikuwa apdeti.

Cisco Meraki ndiyo yenye raha zaidi: unapanga siku na saa, vifaa vinajiapdeti vyenyewe. Raha hiyo ina leseni kwa kila kifaa, na kwa leseni zake zilizozoeleka, siku 30 zikipita bila kulipia upya mtandao unaweza kuzimwa. Benki inaimudu. Gesti ya vyumba kumi na tano pale Kijiweni, leseni ikiisha Januari ada za shule zikiwa mlangoni, itaumia.

MikroTik haidai leseni ya mwaka, ila inadai fundi makini. Ukishaapdeti RouterOS, mfumo wake endeshi, bado kuna fimuwea ya RouterBOARD: unaiapdeti kivyake, kisha unawasha kifaa upya mara ya pili. Fundi mwenye haraka huishia hatua ya kwanza. Na apdeti ikiachwa, hasara ipo: tundu la Winbox, programu ya kusimamia vifaa vyake, lilizibwa Aprili 2018, lakini miezi kadhaa baadaye ruta zaidi ya laki mbili zilitekwa kuchimba sarafu za kidijitali.

Mimi ningechukua UniFi ya Ubiquiti au Omada ya TP-Link. Kontrola ya kila moja ni programu ya bure kwenye kompyuta yako, na unaapdeti vifaa vyote sehemu moja. UniFi U6 Lite iliuzwa dola 99 Marekani. Hapa ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Pesa utakayookoa kwenye leseni nunua UPS ya swichi ya PoE, maana umeme ukikatika katikati ya apdeti kifaa kinaweza kufa kabisa.

Mtumba wa Meraki uogope. Kama mmiliki wa kwanza hajaufuta kwenye akaunti yake, hutaweza kuusajili.

Kuhusu muda, mafundi hupenda saa nane usiku. Sinza saa hiyo baa zimejaa na wageni wako macho. Afadhali Jumanne saa tano asubuhi, vyumba vikishaachwa. Anza na kifaa kimoja, cha korido, ukiangalie siku mbili ndipo uendelee na vingine. Na akaunti ya kontrola isajiliwe kwa barua pepe ya gesti, siyo ya fundi, kwa sababu fundi akihama unaweza kukwama kuapdeti.