Telefone inaenda polepole? Fanya hivi kabla ya kutafuta ingine

Wanafunzi na lisansie, kwetu telefone njo ordinatere ya watu wengi. CV iko humo, TFC iko humo, na ofa za kazi zinafikaga kwa WhatsApp wakati zimebakiza siku mbili tu. Simu ikibloke saa ya kutuma dosie, nafasi inaenda kwa mwengine. Na kununua mpya wakati hujapata kazi, hiyo si mchezo.

Mimi ni mtu wa agronomi, si wa enformatike. Lakini kazi ya kuuliza wakulima maswali vijijini inafanyika siku hizi na simu, kwa hiyo nimejifunza kuitunza sawa jembe. Jambo la kwanza la kujua: simu mingi ambazo tunasema zimezeeka, zimejaa tu.

Simu iko na memware mbili. Ile ya 32 Go ao 64 Go ni ghala, humo vitu vinalala. Ile ya 2 Go ao 3 Go, yenye kuitwa RAM, ni meza ya kazi: aplikasio unayofungua inakaa pale. Ghala likijaa mpaka mlangoni, simu inakosa nafasi ya kuandika kitu kipya, inapaswa kwanza kufuta na kupanga upya. Hapo njo unagusa na hakuna kinachofunguka.

Basi, anza na ghala. Ingia kwa « Paramètres », kisha « Stockage ». Mimi ninaachaga sehemu moja juu ya tano wazi: kwa simu ya 32 Go, ni karibu 6 Go.

Mara mingi mwizi ni WhatsApp. Ndani yake, fungua « Paramètres », « Stockage et données », « Gérer le stockage ». Itakuonyesha fichie zenye kupita 5 Mo, na ni grupe gani inakula nafasi zaidi. Futa videyo za mapenzi, za mahubiri na za mpira ambazo umeshaona. Kisha, kwa « Stockage et données », zuia foto na videyo zisijiteleshaje zenyewe. Utaona hata mega zako zinadumu.

Ingia sasa kwa aplikasio. Ile hujafungua tangu miezi, ondoa. Kama RAM ni ndogo, tumia Facebook Lite pahali pa Facebook ya kawaida.

Hapa ufanye angalisho. Ukifungua aplikasio moja ndani ya « Paramètres », utaona maneno mawili yenye kufanana. « Vider le cache » haina hatari: inatosha vitu vya muda tu. « Effacer les données » inafuta yote ambayo aplikasio ile imeweka ndani ya simu, na inakutosha ndani ya konte yako. Wewe unayefanya anketi na KoboCollect, sikia vizuri: formulere ambazo hujatuma bado ziko ndani ya simu tu. Ukigusa pale, siku tatu za kutembea milimani zinapotea, na wale wakulima huwezi kurudi kuwauliza tena bila pesa ya moto. Tuma kwanza, ndipo usafishe.

Kisha, zima simu na uiwashe tena hata mara moja kwa juma. Usiichaji kwa jua ao chini ya mto: ikipata moto, yenyewe inapunguza mwendo ili isiungue. Na angalia kama « Économie d'énergie » imebaki imewashwa tangu umeme ulipokatika. Nayo inapunguza mwendo.

Kuna kitu kingine kidogo. Kwa Android, gusa « Numéro de build » mara 7, utapata « Options pour les développeurs ». Pale, zile « échelle d'animation » tatu ziweke kwa 0,5x. Simu haipati nguvu mpya, lakini kurasa zinafunguka haraka. Vingine vya pale, usiviguse.

Usitie aplikasio zenye kuahidi « kuongeza RAM ». Nazo zinakula RAM na kukuletea matangazo. Na kufunga kila aplikasio kila dakika haisaidie: Android inajipangia meza yake, na kufungua upya kunakula betri zaidi.

Kama bado inabloke, inabaki kurudisha simu kama ilivyotoka kwa karton. Hiyo inafuta yote. Kabla, weka TFC na foto kwa Google Drive ao kwa ordinatere ya rafiki, fanya « sauvegarde » ya WhatsApp, na uhakikishe unajua mot de passe ya konte yako ya Google, juu simu inaweza kuiomba kabla ya kukufungulia. Uwe pia na mega za kuteleshaje aplikasio tena.

Leo jioni, fungua tu « Stockage » uone namba. Ukikuta imebaki 500 Mo, umeshajua ugonjwa.