Tuhakikishe Kabla ya Kueneza

Ndugu msomaji, mwishoni mwa mwaka 2021 wazazi wengi wa Kiislamu waishio Sweden walifikiwa na kanda za video zilizoenezwa kwa Kiarabu katika mitandao ya kijamii. Zilidai kwamba maofisa wa ustawi wa jamii wanawateka watoto wa Kiislamu ili kuwatoa katika dini yao. Hofu ikaingia majumbani, hata wazazi waliohitaji msaada wakaogopa kuuomba.

Uzushi huo ulipata nguvu kwa kuwa ulijengwa juu ya kipande cha ukweli. Sweden inayo sheria ya mwaka 1990 iruhusuyo mtoto aliye hatarini kuondolewa kwa wazazi wake bila ya ridhaa yao. Lakini shauri huamuliwa na mahakama, na sheria ni moja kwa watoto wa dini zote. Machungu ya familia yalikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa katika sababu waliyotajiwa.

Tarehe 1 Januari 2022 nchi hiyo ilianzisha Wakala wa Ulinzi wa Kisaikolojia. Kazi yake si kuwafunga raia midomo, bali kuchunguza upotoshaji utokao nje: nani anaueneza, na kwa lengo gani. Mamlaka za ustawi nazo zikaifafanua sheria kwa lugha kadhaa, Kiarabu kikiwemo.

Mtihani ulirudi mwaka 2023, Qur'ani Tukufu ilipochomwa hadharani mjini Stockholm. Uovu huo ulitendeka kweli, nao uliwaumiza Waislamu. Hata hivyo, mwezi Julai Waziri Carl-Oskar Bohlin alieleza kuwa watu wanaoungwa mkono na Urusi walieneza dai la uongo kwamba dola la Sweden ndilo lililo nyuma ya uchomaji huo.

Mwaka 2018 serikali hiyo ilikwishapeleka kijitabu katika kaya milioni 4.8, kikiwataka watu wajiulize: hii ni habari au maoni? Nani kaitoa? Imethibitishwa kwingine? Kwa Muislamu maswali haya si mageni, kwani Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kisha tukajuta.

Basi tuzingatie. Dola isiyomjibu mzazi mwenye hofu humwachia mzushi amjibu. Nasi wazazi, tunapopeleka mbele tusilolihakiki, huwa tumekuwa wajumbe wa tusiowajua. Mwenyezi Mungu azilinde ndimi zetu na nyumba zetu. Amin.