Mafuta Mazito na Moto

Mmekwisha kuona watu wakichoma makaa porini. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huwasha moto. Kwa nini huyafunika? Ili hewa isiingie nyingi. Moto ukipata hewa ya kutosha, gogo lote huungua, na hubaki majivu tu. Lakini hewa ikizuiwa, maji hutoka, moshi hutoka, na mti hugeuka makaa. Mti ni ule ule; tofauti yaletwa na hewa. Shikeni neno hilo, maana litatusaidia katika somo hili.

Chini ya ardhi, katika nchi kama Venezuela, Kanada na Rumania, kuna mafuta ya petroli ambayo hayajasafishwa. Mengine ni mepesi, hutiririka vizuri. Mengine ni meusi na mazito, karibu kama lami ya barabara. Hayo mazito hushikamana na mchanga, wala hayaji kisimani kwa urahisi. Lakini yakipata joto hulainika, kama vile mawese yaliyoganda asubuhi yanavyoyeyuka yakiwekwa jikoni.

Basi, watu wa Rumania walifikiri hivi: tuwashe moto huko huko chini, ndani ya mafuta yenyewe. Walianza mwaka 1964, mahali paitwapo Suplacu de Barcău. Mashine zilisukuma hewa ndani ya kisima. Sehemu ndogo ya mafuta iliungua, na joto lake likalainisha mafuta yaliyo mbele, yakatiririka mpaka visima vingine.

Lakini moto ulio chini ya ardhi hauonekani. Mtu atajuaje kama utaendelea au utazimika? Kwa sababu hiyo wataalamu huyapima mafuta kwanza.

Wana mizani ndogo sana iliyounganishwa na tanuru. Mtaalamu mmoja wa Japani, Kotaro Honda, alitengeneza mizani ya namna hiyo mwaka 1915. Tone la mafuta, jepesi kuliko punje ya mchele, huwekwa humo. Joto huongezwa polepole, na uzito huandikwa wakati wote.

Mara ya kwanza tone hupashwa moto katika nitrojeni, yaani sehemu ile ya hewa isiyowasha moto. Sehemu nyepesi za mafuta hugeuka mvuke na kwenda zake. Maji huchemka kwa digrii 100; mafuta mazito, yakifika digrii 350 hivi, huanza kuvunjika vipande vipande. Karibu na digrii 500 hubaki kitu cheusi na kikavu kama makaa. Jina lake ni koki.

Mara ya pili tone jingine hupashwa moto penye hewa. Kwanza oksijeni ya hewa hushikana na mafuta, nayo huzidi kuwa mazito. Joto likipita digrii 400 hivi, koki huwaka kwa nguvu. Uzito hushuka upesi, mpaka kinachobaki ni kidogo sana.

Sasa mwaelewa: koki ndiyo kuni za ule moto wa chini. Ikiwa haba, moto huzimika, na kazi yote hupotea. Ikiwa nyingi mno, moto hutembea polepole sana na kula hewa nyingi, na kusukuma hewa ni gharama kubwa. Kwa hiyo tone moja mizanini huwaonya watu kabla hawajawasha moto wasioweza kuuona.

Maswali

1. Mchoma makaa hufunika magogo kwa sababu gani?
2. Mafuta mazito hugeuka nini yakipata joto kali bila hewa?
3. Koki ikiwa haba, moto wa chini hupatwa na nini? Na ikiwa nyingi mno?
4. Eleza namna makaa na koki zinavyofanana.