Baba chini ya mutuka, kriki moja tu

Ku mine, hakuna mutu anaingia chini ya lori iliyoinuliwa na kriki peke yake. Shefu anasimamisha kazi palepale. Lakini siku ya Mungu, mu parsele za Manika ao Dilala, tunaona baba yule yule amelala chini ya Toyota yake, kriki moja njo inashika roho yake, na mutoto anacheza ku usukani.

Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Ile ya mafuta iko na mipira ndani. Ikizeeka, mafuta inapita polepole na mutuka inashuka bila kelele. Na udongo wetu mwekundu, mvua ikinyesha, unameza kriki upande mumoja. Bloku ya sima nayo? Inapasuka mara moja, haitoi onyo.

Tafuta mahali pa sima, pagumu na sawasawa. Freni ya mukono kwa kawaida inashika mapine ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, kale za ku mapine ya mbele njo zinazuia mutuka kutembea. Weka shandeli mbili chini ya shasi, shusha kriki mpaka uzito ukae juu yao, kisha sukuma mutuka na mukono. Ikitikisika, anza tena.

Wengine wananunua pont ndogo ya kubebeka. Hiyo pia iko na kifungo chake cha chuma: usiingie kabla hakijashika.

Tunajua shandeli zinakula mushahara. Azima kwa fundi wa avenue yenu. Na weye mama, ukiona miguu inatokea chini ya mutuka, uliza kwanza: «Baba, shandeli iko wapi?» Chakula itangoja.