Wanaosema Amepona

Mvua za Desemba zikishika Songea, nyumba nzima huwahi shambani kupanda mahindi. Mfikirie mama wa Lizaboni aliyeruhusiwa kutoka hospitali miezi miwili iliyopita, baada ya kuugua sonona. Anakula, anasalimia, Jumapili amerudi kanisani. Majirani wanasema amepona. Lakini saa tisa usiku macho humfunguka, usingizi haurudi tena. Shambani anasimama na kopo la mbegu mkononi, hakumbuki kama shimo lililo mbele yake ameshalitia. Saa nne asubuhi amechoka kama aliyelima ekari nzima. Mama mkwe anaguna: “Sasa huu ni uvivu.”

Si uvivu. Ni mabaki ya ugonjwa, na sayansi imeyapima.

Mwaka 2002, Lewis Judd na watafiti wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 146 wa baipola, ugonjwa mwingine wa hisia, unaompandisha mtu hadi kutolala kwa furaha au hasira, kisha kumshusha. Waliwafuatilia kwa karibu miaka 13, wakihesabu wiki kwa wiki. Karibu nusu ya wiki hizo, asilimia 47, wagonjwa walikuwa na dalili. Nyingi zilikuwa za huzuni, na mara nyingi hazikufikia kiwango cha kuitwa kipindi kamili cha ugonjwa.

Mabaki haya hutangulia kurudi kwa ugonjwa. Huko Cambridge, Uingereza, Eugene Paykel na wenzake waliwafuatilia watu wapatao 60 waliopata nafuu ya sonona. Matokeo yao ya mwaka 1995 yanatisha: waliobakiwa na dalili, asilimia 76 waliugua tena, wote ndani ya miezi 10. Wasiobakiwa nazo, asilimia 25. Kundi lilikuwa dogo, ila pengo hilo si la kupuuzwa.

Kutoka Songea hadi hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ni safari ndefu ya basi kupitia Njombe na Iringa. Ndugu huchanga nauli mgonjwa anapokimbia barabarani usiku. Kwa ajili ya usingizi uliokatika, hakuna anayechanga. Naona hapo ndipo tunapowapoteza watu wetu, maana dalili ndogo ndiyo yenye nafasi ya kutibiwa mapema: kurekebisha kipimo cha dawa, kupanga saa za kulala, kuzungumza na mshauri.

Basi ndugu msomaji, ukimsindikiza mgonjwa wako kliniki, usimjibie daktari kwamba hajambo. Mwache aseme mwenyewe anaamka saa ngapi.